Sindano mbili za taifodi katika nyumba moja: uchambuzi wa kisa cha mpishi wa Malindi

Kisa hiki ni cha familia moja ya mtaa wa Barani, Malindi. Wenyewe wameridhia kiandikwe bila majina, na mambo machache yasiyogusa tiba nimeyabadilisha ili wasitambulike. Baba ana miaka 36 na ni mpishi katika hoteli ya ufuoni. Mkewe huuza mahamri na mbaazi za nazi kila asubuhi. Wana binti wa miaka 8 na kitindamimba wa miezi 11, na wanakaa pamoja na mama yake mpishi na mpwa wake, msichana wa miaka 16 aliye sekondari.

Nakiandika kwa ajili ya swali moja alilouliza huyo baba. Aliuliza hivi: kama mimi nilichanjwa taifodi na bado taifodi imenilaza, kwa nini niwaruhusu mdunge wanangu? Swali hilo ni la haki kabisa. Kampeni ya Julai 2025 ilipofika mtaani kwao alikuwa amelisema kwa watu wengi, na wote walimjibu kwamba chanjo ni salama. Hakuna aliyemjibu alichouliza. Yeye hakuwa na shaka na usalama. Alitaka kujua kama inafanya kazi, na ushahidi wake ulikuwa mwili wake mwenyewe.

Homa yenyewe

Ilimwanza mwezi wa Mei, masika yamekolea na bomba la mtaani limekauka. Maji ya mji wa Malindi hutoka Baricho, kwenye visima vilivyochimbwa kando ya mto Sabaki, na yanapokatika watu hununua ya mkokoteni, mitungi ya lita 20 ambayo mnunuzi hana njia ya kujua imejazwa wapi. Siwezi kusema kwamba maji hayo ndiyo yaliyomletea ugonjwa. Anayepika kutwa, akionja mchuzi huku na achari kule, ana milango mingi ya kupitia vijidudu.

Taifodi haiji kwa kishindo kama malaria. Ilipanda ngazi kwa ngazi, jioni ikawa kali kuliko asubuhi, kichwa kikimuuma kwa mbele, hamu ya chakula ikakatika, na choo kikawa kigumu badala ya kuhara, jambo ambalo kwa watu wazima ni la kawaida katika siku za mwanzo. Alikwenda kwa kemisti. Malaria haikuonekana, akapimwa Widal, akaambiwa ana taifodi, akapewa vidonge vya siprofloksasini. Akameza, akapata nafuu ya siku mbili, homa ikarudi.

Hapa sina budi kusimama kidogo kwenye hicho kipimo, kwa sababu kimeharibu imani ya watu wengi. Kipimo cha Widal kilibuniwa na Fernand Widal huko Paris mwaka 1896. Hakitafuti bakteria. Kinatafuta kingamwili, yaani silaha ambazo mwili hutengeneza dhidi ya vijidudu, na kingamwili zaweza kubaki kwenye damu kutokana na ugonjwa wa zamani, au kuchochewa na jamaa wengine wa ukoo wa Salmonella. Mke wa mpishi ameambiwa ana taifodi mara nyingi mno, na kila mara amepewa dawa. Kwao taifodi lilikuwa jina la kila uchovu usio na jina. Mtu aliyezoeshwa hivyo hawezi kuiona chanjo ya taifodi ikifanya kazi hata ikifanya, kwa kuwa kipimo kitaendelea kumwambia anaumwa.

Wiki ya pili akalazwa, na safari hii damu yake ilioteshwa. Damu hutiwa kwenye chupa yenye chakula cha bakteria, ikawekwa katika joto la mwili na kusubiriwa siku kadhaa ili kuona kama kuna kinachokua. Kipimo hiki nacho si kamili. Katika wagonjwa kumi wa taifodi ya kweli, wanne hivi huponyoka bila kuonekana. Lakini kikisema ndiyo, ni ndiyo. Chupa ya mpishi iliotesha Salmonella Typhi, na vipimo vya dawa vikaonyesha kwamba bakteria hao wanahimili siprofloksasini, dawa ile ile aliyokuwa ameimeza. Alibadilishiwa akapewa seftriaksoni kwa mshipa, kisha azithromaisini ya kumalizia nyumbani. Homa ilichukua siku nne kutulia, na huo ndio mwendo wa taifodi hata kwenye dawa sahihi.

Kwa hiyo alipoambiwa ana taifodi, mara hii ilikuwa kweli. Na aliposema alichanjwa, hilo nalo lilikuwa kweli.

Kadi ya kazini

Nilimwomba anionyeshe kadi. Aliitoa kwenye pochi, imekunjika na kuchakaa pembeni, ile kadi ambayo wafanyakazi wa jikoni hutakiwa kuwa nayo pamoja na cheti cha afya. Ndani yake palibandikwa stika ndogo iliyobanduliwa kwenye chupa ya dawa: Vi polisakaridi, maikrogramu 25 kwa dozi. Tarehe ilikuwa ya miaka minne na ushei nyuma. Mstari wa tarehe ya kurudia ulikuwa mtupu.

Stika hiyo ndiyo jibu la nusu ya swali lake. Alichopewa kilikuwa sukari peke yake.

Sukari ninayoisema si ya kutia chaini. Bakteria wengi wanaotuua hujivika ganda la sukari ndefu zilizoungana, na ganda hilo huwaficha wasikamatwe na chembe nyeupe za damu. Ganda la Salmonella Typhi huitwa Vi. Watafiti walifikiri, kwa haki, kwamba mwili ukifundishwa kulitambua ganda utamkamata mwenye ganda. Wakalivua, wakalisafisha, wakalitia kwenye sindano. Chanjo hiyo ikatoka na ikafaa kiasi chake. Katika watoto wa shule Afrika Kusini ilizuia taifodi kwa asilimia 55 katika miaka mitatu. Kwa msafiri wa miezi miwili hiyo ni ngao ya maana. Kwa mtu anayeishi Barani na kunywa maji ya mkokoteni maisha yake yote, ni ngao nyembamba, na inakatika mapema. Ndiyo maana hutakiwa kurudiwa kila miaka mitatu. Yake haikurudiwa. Siku anaugua alikuwa mtu asiyekuwa na kinga, mwenye kadi ya kinga mfukoni.

Bado halijaguswa la watoto, maana chanjo hiyo ya sukari tupu hairuhusiwi kabisa chini ya miaka 2. Haiwadhuru watoto wachanga. Tatizo ni kwamba miili yao haiijali. Kitindamimba wa nyumba ile, wa miezi 11, angedungwa sukari hiyo asingepata kitu.

Kwa nini sukari peke yake haishiki

Mwili una aina mbili za seli zinazohusika hapa. Seli B ndizo zinazotengeneza kingamwili. Seli T za msaada ndizo zinazotoa idhini: zinaiambia seli B ijizidishe, inoe kingamwili zake ziwe kali zaidi, na iache kizazi kitakachokumbuka. Sasa, seli T zina upofu mmoja. Haziwezi kusoma sukari. Zinasoma vipande vya protini tu.

Ganda la Vi ni kama tasbihi ndefu, punje moja ile ile inarudiwa mara mamia. Seli B ikiishika tasbihi hiyo kwa punje nyingi kwa wakati mmoja, inashtuka yenyewe na kutoa kingamwili bila kusubiri mtu. Huo ndio ulinzi alioupata mpishi mwanzoni. Lakini hakuna seli T iliyoitwa, kwa hiyo hapakuwa na kunolewa wala kumbukumbu. Kingamwili zilipopungua hapakuwa na kilichobaki cha kuzitengeneza upya. Na seli B zinazoweza kushtuka peke yake namna hiyo hazijakomaa kwa mtoto wa chini ya miaka miwili, ndiyo maana kwake sukari hupita kama haikuja.

Dawa ya upofu huo ilijulikana zamani. Mwaka 1929, Walther Goebel na Oswald Avery wa Taasisi ya Rockefeller, New York, waliunganisha sukari na protini wakawadunga sungura, na sungura wakatoa kingamwili dhidi ya sukari ambayo peke yake haikuwashughulisha. Ilichukua zaidi ya nusu karne jambo hilo kufika kwa watoto. John Robbins na Rachel Schneerson huko Marekani ndio waliolifufua, wakafunga sukari ya Hib, bakteria anayeleta homa ya uti wa mgongo na nimonia kwa watoto, kwenye protini, na chanjo ya kwanza ya aina hiyo ikaidhinishwa Marekani mwaka 1987.

Kinachotokea ni hiki. Seli B inaitambua sukari, inaishika, na kwa kuwa sukari imefungwa kwenye protini, inameza vyote viwili. Ndani inaikatakata protini na kuvitoa vipande nje, kwenye ngozi yake. Seli T inapita, inaviona vipande vya protini, inavisoma, inatoa idhini. Kumbe idhini hiyo imemwendea mtengenezaji wa kingamwili za sukari. Mwili umefundishwa kuikumbuka sukari kwa kupitia protini, na mtoto wa miezi 9 anaweza kufanya hivyo.

Nilimweleza mpishi haya nikiwa nimekaa naye barazani kwao. Alisikiliza hadi mwisho, kisha akasema, "Kwa hiyo mimi nilipewa nusu." Nikamwambia ndiyo, na nusu aliyokosa ndiyo inayokumbuka.

Chanjo iliyoletwa kwenye kampeni ya Julai 2025, kwa watoto wa miezi 9 hadi miaka 14, ni ya sukari ile ile ya Vi iliyofungwa na protini, na baada ya kampeni imeingizwa kwenye ratiba ya kawaida ya Kenya, dozi moja mtoto anapofika miezi 9. Huko Blantyre, Malawi, watoto wapatao 28,000 wa miezi 9 hadi miaka 12 waligawanywa kwa kura, nusu wakapata hiyo na nusu wakapata chanjo nyingine. Iliwakinga kwa asilimia 80.7 mwanzoni, na baada ya zaidi ya miaka minne ya kuwafuatilia kinga ilikuwa bado asilimia 78.3. Yaani kipindi kile kile ambacho sukari tupu ya mpishi ilikuwa imekwisha, watoto wa Blantyre walikuwa bado wana zaidi ya robo tatu ya ulinzi. Ningemchagulia takwimu moja mzazi wa Malindi, ningemchagulia hiyo, kwa sababu maji ya Blantyre na maji yetu hayatofautiani sana katika mashaka yake.

Kitabu cha kliniki

Hoja haikumtosha. Ni mtu wa kutaka kuona. Basi nilimwomba mkewe alete kitabu cha kliniki cha kitindamimba, tukafungua ukurasa wa chanjo pale pale juu ya mkeka. Wiki ya 6, wiki ya 10, wiki ya 14: kila ziara ina sindano ya tano-kwa-moja, na kila ziara ina sindano ya nimonia. Ndani ya ile ya tano-kwa-moja mna Hib, sukari iliyofungwa na protini. Ile ya nimonia ni sukari za aina kadhaa za nyumokokasi, bakteria anayeleta nimonia, kila moja imefungwa na protini. Kwa hesabu hiyo mtoto wake alikuwa ameshapewa kitu cha namna hiyo hiyo mara sita kabla hajatimiza miezi minne, na binti yake vivyo hivyo miaka minane nyuma. Baba alikuwa amewaruhusu wote wawili, bila kujua kwamba alikuwa akiruhusu ujuzi ule ule anaoukataa sasa.

Na kama zimefanya kazi, ushahidi hauko Ulaya. Uko Kilifi, takriban kilomita 60 kusini ya Malindi, ambako kituo cha utafiti cha KEMRI na Wellcome kimekuwa kikiotesha damu za watoto wanaolazwa kwa miaka mingi. Kenya ilianza chanjo ya Hib mwaka 2001. Kabla yake, katika kila watoto 100,000 wa chini ya miaka mitano huko Kilifi, 66 kwa mwaka walipatwa na Hib iliyoingia kwenye damu au uti wa mgongo. Kufikia 2004 na 2005 walikuwa 7.6. Chanjo ya nyumokokasi ikaja mwanzoni mwa 2011. Ugonjwa mkali unaosababishwa na aina zilizomo kwenye chanjo ulishuka kutoka watoto 60.8 hadi 3.2 kwa kila 100,000. Nimonia inayoonekana kwenye picha ya eksirei ilipungua kwa asilimia 48 hivi. Hata watu wazima ambao hawakudungwa walipungukiwa na ugonjwa huo, kwa sababu watoto waliacha kuwaambukiza.

Hawa ni watoto wa pwani hii hii. Mtu aliyeuguza mtoto wa uti wa mgongo miaka ya tisini, akamwona amepona lakini hasikii tena, anajua tarakimu hizo zinasema nini.

Mama mtu mzima na pepopunda

Mama yake mpishi alikuwa kimya muda wote, akichambua mchele. Alipouliza, aliuliza zito: "Hiyo protini, mwanangu, mwaitoa wapi?"

Sikumficha. Katika chanjo za taifodi zilizopitishwa na Shirika la Afya Duniani, protini inayobebeshwa sukari hutokana na sumu ya bakteria wa pepopunda au wa dondakoo, iliyoondolewa makali. Akashtuka. "Mwamtia mtoto pepopunda?" Nchi hii imeshawahi kuvutana juu ya chanjo ya pepopunda, hofu hiyo iko hai, na mtu akiificha habari hii atakuja kuumbuka.

Nilimweleza kwamba sumu ya pepopunda hutibiwa kwa fomaldehaidi hadi ikapoteza uwezo wa kudhuru, ikabaki umbo tu, na kwamba yeye mwenyewe alidungwa umbo hilo hilo alipokuwa mjamzito, ndilo lililomkinga mwanawe huyu mpishi alipozaliwa. Ile ya dondakoo hutokea kwa njia mbili. Moja ni ya fomaldehaidi vivyo hivyo. Ya pili, iitwayo CRM197, haikuhitaji kuuliwa kamwe. Ni protini yenye kasoro ya kuzaliwa: katika mnyororo wake, kiungo cha 52 kimebadilika, na kwa badiliko hilo moja sumu haiwezi tena kuidhuru seli. Protini hizi zimechaguliwa kwa sababu seli T zinazitambua kwa wepesi. Ile iliyokuwa ya kuua ndiyo inayoamsha.

Kuhusu sukari yenyewe, kuna wanaoivuna kutoka kwa Salmonella Typhi na kuna wanaoivuna kutoka kwa bakteria mwingine mpole, Citrobacter freundii, ambaye kwa majaliwa yake amevaa ganda la Vi lile lile. Hakuna bakteria mzima anayeingia kwenye sindano, aliye hai wala aliyekufa, na kwa hiyo chanjo hii haiwezi kumpa mtu taifodi. Bibi akarudi kwenye mchele wake. Hakusema amekubali, ila hakupinga tena, na katika nyumba ile kimya chake ndicho ruhusa.

Na kuhara damu?

Mkewe ndiye aliyeuliza swali nililolipenda kuliko yote: "Na ile ya kuhara damu, dada, mbona haina sindano?" Binti yao aliwahi kulazwa kwa kuhara damu akiwa mdogo.

Anayeisababisha mara nyingi ni bakteria aitwaye Shigela, naye pia ana sukari ndefu juu ya ngozi yake. Taabu ni kwamba Shigela wana sukari za aina karibu 50, na kila aina ingetaka chanjo yake. Njia ya kawaida ya kutengeneza chanjo hizi ni ndefu na ghali: unakuza bakteria mmoja uvune sukari, unakuza mwingine uvune protini, unasafisha huku na huku, unaziunganisha kwa kemikali, kisha unasafisha tena kuondoa zisizoungana. Zidisha hayo kwa kila aina ya sukari.

Ndipo inapoingia habari ya Campylobacter jejuni, bakteria wa matumbo ya kuku. Kwa muda mrefu iliaminika kwamba bakteria hawajui kufunga sukari kwenye protini namna viumbe wakubwa wanavyofanya. Huyu alikutwa anajua. Ana kimeng'enya kiitwacho PglB, kinachochukua mnyororo wa sukari uliokamilika na kuupachika kwenye protini mahali maalumu. Mwaka 2002 watafiti wa Zürich, Uswisi, waliuhamisha ujuzi huo mzima wakautia ndani ya Escherichia coli, yule bakteria wa maabara anayekuzwa kwa wepesi. Tangu hapo imewezekana kumpa E. coli mmoja vitu vitatu, yaani maelekezo ya kujenga sukari unayoitaka, protini ya kubebea, na PglB ya kufungia, akazitoa protini zikiwa zimeshavikwa sukari. Kiwanda chote kimeingia ndani ya seli moja, na kinachobaki ni kuvuna na kusafisha mara moja.

Chanjo ya Shigela iliyotengenezwa hivyo, yenye sukari za aina nne, imeshajaribiwa hapa Kenya kwa watu wazima, watoto na wachanga. Hiyo ni hatua ya kupima usalama na mwitikio wa kinga, bado haijafika kliniki, na nilimwambia hivyo mama yule waziwazi. Pia nilimwambia kwamba njia hii haina uhakika wa kushinda kila mahali. Mwaka 2025 jaribio kubwa la chanjo ya aina hiyo dhidi ya E. coli wanaoingia kwenye damu za wazee lilisimamishwa kwa kuwa halikuwakinga vya kutosha. Mwili kutoa kingamwili ni jambo moja, na kingamwili hizo kuuzuia ugonjwa ni jambo la pili. Nina matumaini makubwa na Shigela, lakini sitampa mzazi tarehe nisiyokuwa nayo.

Ilivyokwisha

Baba alikubali. Kitindamimba na binti walichanjwa siku mbili kabla ya kampeni kufungwa. Mdogo alipata homa kidogo usiku ule, ikaisha kwa maji na dawa ya kutuliza.

Aliyebaki nje ni mpwa. Ana miaka 16, na kampeni iliishia miaka 14. Hili linaniuma, maana yeye ndiye anayekula viazi karai na maji ya ukwaju nje ya lango la shule kila siku. Na asidhani kwamba kuchanjwa kwa wadogo zake kunamkinga na yeye. Nyumokokasi ilitupa neema hiyo Kilifi, lakini kwa taifodi huko Bangladesh wasiochanjwa waliokaa katikati ya waliochanjwa hawakuonekana kunufaika kwa kiwango cha kutegemewa. Chanjo yenyewe imeidhinishwa hata kwa watu wazima, kikwazo ni nani atailipia. Huko huko Bangladesh kinga ilionekana kupungua kuanzia mwaka wa tatu, zaidi kwa waliochanjwa wakiwa chini ya miaka miwili, kwa hiyo kitindamimba huenda akahitaji dozi ya pili akikaribia kuanza shule. Ratiba haisemi hivyo kwa sasa. Nimeandika kwa penseli kwenye kitabu chake cha kliniki, pembeni: aulizwe tena akifika miaka 4.

Maji hayakubadilika. Mkewe sasa anachemsha ya kunywa na kutia dawa ya klorini kwenye ya kuoshea vyombo vya biashara, gharama ambayo inakula faida ya mahamri.

Mpishi hakuruhusiwa kurudi jikoni papo hapo. Wachache katika wanaopona taifodi huendelea kuwahifadhi bakteria kwenye nyongo na kuwatoa kwenye choo bila kuhisi chochote, na mpishi wa namna hiyo anaweza kuambukiza meza nzima. Choo chake kilioteshwa zaidi ya mara moja kwa kupishana, kikatoka safi kila mara, ndipo akapewa cheti kipya. Muda huo wote hakulipwa kama anayefanya kazi, na nadhani huduma za afya zinazomtaka mtu akae nyumbani kwa ajili ya usalama wa wengine zingepaswa kufikiria anakula nini.

Aliporudi kazini alikwenda na kadi yake ya zamani kwa meneja, akamwonyesha ile stika. Aliomba mambo mawili: wafanyakazi wa jikoni wanunuliwe chanjo iliyofungwa na protini badala ya sukari tupu, na mstari wa tarehe ya kurudia ujazwe kwenye kadi ya kila mmoja. La pili limeshafanywa. La kwanza linangoja bajeti ya msimu, na ameniomba nimwandikie kwa Kiswahili chepesi, karatasi moja, tofauti ya chanjo hizo mbili ili aibandike karibu na friji ya jikoni.